KUTOKA KWENYE SIMU HADI KWENYE SANDUKU LA KURA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na vijana, mjini Tabora)



Tumeombwa tuseme juu ya Ndugu Boniface Mwangi wa Kenya, kwa kuwa vijana wa hapa wamtaja sana, na wengine wataka kufuata nyayo zake. Tutasema kama walimu: penye sifa tutasifu, na penye kusahihisha tutasahihisha.

Mwangi alikuwa mpiga picha wa magazeti. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ya Kenya iliwaka moto, watu zaidi ya 1,100 wakauawa, naye alikuwa katikati yao na kamera yake. Tarehe 1 Juni 2009, Siku ya Madaraka, alisimama katika uwanja wa Nyayo akampigia kelele Rais Kibaki aliyekuwa akihutubia. Akakamatwa. Kisha picha zile za machafuko zikatembezwa mji kwa mji, zikatundikwa mitaani ili mwananchi ajionee mwenyewe yaliyotendeka. Mei 2013, wabunge walipodai nyongeza ya mshahara, yeye na wenzake wakapeleka nguruwe mbele ya Bunge. (Wengi wetu hapa tusingekubali kumshika mnyama yule, lakini ujumbe ulifika.) Wito wa mambo kama hayo ulipita katika simu, na watu wakaja.

Mwaka 2017 akaona kelele za nje hazitoshi. Akagombea ubunge wa Starehe, Nairobi, kwa chama kipya cha Ukweli, akitegemea michango ya wananchi. Akashindwa. Kiti kilikwenda kwa mwanamuziki Jaguar, wa chama cha Jubilee.

Kwa nini? Sisi twaona hivi. Anayekusoma katika simu akiwa Mombasa, au Marekani, hapigi kura Starehe. Wafuasi waweza kuwa wengi kama nyota, lakini kura huhesabiwa kituo kwa kituo, na mtu wa kituo kile hutaka kujua ni nani aliyegonga mlango wake.

Wazee wa Tabora wataelewa upesi. Zamani za misafara, kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo, kirangozi alitangulia na bendera yake, na ngoma ikilia. Alipendeza kumtazama! Lakini pembe hazikufika pwani kwa ngoma. Zilifika kwa mabega ya wapagazi, na kila mzigo ulijulikana ni wa nani. Kirangozi aliyegeuka nyuma akaona njia tupu hakuwa na msafara.

Na katika mji huu huu, Januari 1958, TANU ilifanya mkutano mkuu wake. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeleta kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na mpiga kura mwenyewe awe na sifa zilizowekwa, kama vile mapato ya paundi 150 kwa mwaka. Masharti ya dharau! Wajumbe wengi walitaka kususa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa na kufundisha hapa, akasema tuingie. Mabishano yakawa makali, hata Zuberi Mtemvu akatoka akaunda chama chake. Leo twauita Uamuzi wa Busara, kana kwamba ulikuwa rahisi.

Mara nyingi tunasimulia hotuba tu, tunasahau kazi iliyofuata. Ilibidi kumtafuta mtu mmoja mmoja mwenye zile sifa, akaandikishwe. Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kuwa wanachama, lakini hawakukatazwa kupiga kura. Basi wakatafutwa hao. Septemba 1958 na Februari 1959 TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda. Umati wa mkutano wa hadhara ulikuwa umegeuka majina.

Kijana mmoja alituuliza juzi: daftari la nini, na simu ipo? Tukamjibu kwa swali. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa, ulimpata nani? Alinyamaza. Ufunguo wa mtandao hauko mikononi mwetu. Njia ya kwenda kwa jirani tunayo.

Hatumdharau Mwangi hata kidogo. Mei 2025 alikuja Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, akakamatwa, akaachwa upande wa mpaka wa Kenya, naye akasema aliteswa. Agosti mwaka ule ule akatangaza kwamba atagombea urais wa Kenya mwaka 2027. Mwingine angerudi kwenye kamera yake akae kimya. Yeye amerudi kwenye sanduku, na safari hii vituo ni vya nchi nzima.

Sasa kazi. Gongoni, Kanyenye, Isevya, Cheyo na Ng'ambo: kila mtaa uchague watu wawili, mmoja mwanamke. Waende nyumba kwa nyumba, waulize nani ana haki ya kupiga kura, nani amehama, nani amefikisha miaka 18. Msiandike jina la mtu asiyetaka. Simu itumike kuitana, si zaidi. Madaftari yako kwa katibu. Kalamu kila mtu aje na yake.