Hiyo kinini si ya wazimu
Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Bukavu

 

Tukipita kwa wanachama kule Kadutu na Bagira, tunasikia neno lilelile: kidonda kilipona zamani, risasi ilitoka, lakini usiku mguu unaungua kama moto, hata shuka ikigusa ni maumivu. Wengine mguu ulikatwa, na vidole ambavyo haviko tena vinauma. Si mawazo, si uchawi. Mshipa wa fahamu ulioharibika ni kama waya wa umeme uliokatika: taa haiwake, lakini cheche zinatoka.

Ndiyo maana parasetamoli haitoshi. Na diklofenaki ya farmasi ya kartie, sindano juu ya sindano, inasaidia kidogo sana hapo, lakini tumbo na figo zinaipata kweli.

Dawa inayoanzwa mara nyingi ni amitriptilini. Kwa kawaida bei yake iko chini ya gabapentini. Shida ni ile karatasi ya ndani ya boksi: imeandikwa ni ya ugonjwa wa huzuni. Mutu anasoma, anasema munganga ameniona mwenda-wazimu, anatupa yote. Wandugu, hapa dozi ni ndogo: inaanza na mg 10 ao 25 jioni, munganga anapandisha polepole. Mdomo utakauka, usingizi utakuja. Haisaidie kila mutu, lakini faida inangojewa juma 2 mpaka 4. Mwenye kuacha siku ya tatu hajaijaribu bado. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho ao mkojo unaoziba amwambie munganga mbele ya kuanza. Na musiichanganye na tramadoli ya barabarani, inaweza kuleta kifafa.

Miguu inawaka na hukuumizwa? Pima sukari. Unameza dawa za kifua kikuu? Uliza vitamini B6, sababu izoniazidi inaweza kuharibu mishipa.

Kwa waliokatwa mguu kuna pia kioo. Kinasimamishwa katikati ya miguu, unatazama ndani yake mguu mzima ukitembea-tembea, kila siku dakika chache. Watu wanacheka mara ya kwanza. Lakini kuna wanaopata nafuu, na kioo hakina madhara ya tumbo. Waulizeni wakinezi pale Heri Kwetu.

Basi ombi letu kwa mkutano ujao: mfuko wa chama ulipe konsultasio moja na amitriptilini ya miezi 2, mbele ya kulipa sindano ingine yoyote. Wafadhili, vioo vinne vitatosha kuanza.