Mpelelezi Mtoto na Vitabu vya Unguja

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa Unguja. Muhammed Said Abdulla, mwana wa Makunduchi aliyezaliwa mwaka 1918 na aliyehariri magazeti miaka mingi, alishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Hapo ndipo mpelelezi Bwana Msa alipoingia na kiko chake, sahibu yake Najum akiwa ubavuni. Kivuli cha Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle kinaonekana, ila shughuli ni ya kienyeji: watu wanaogopa mzimu, Bwana Msa anamtafuta binadamu. Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968, nacho kikaingia palepale penye hofu ya uchawi.

Hivyo ni visa vya watu wazima, vyenye maiti na siri za ndoa. Mtoto ana haja nyingine: kosa lisilo na damu, na ushahidi ambao mkono wake mwenyewe unaufikia. Erich Kästner wa Ujerumani alionyesha mwaka 1929 kwamba inawezekana, pale Emil na watoto wa Berlin walipomwandama mwizi wa pesa mpaka wakamnasa. Katika lugha kadhaa limechipua tawi ambalo kinachoibwa ni kitabu, na uwanja wa mkasa ni maktaba. Kwa Kiswahili tawi hilo halijastawi, na inashangaza, kwani Mji Mkongwe na viunga vyake vina kila kinachohitajika.

Maktaba yenyewe ni mtambo wa mafumbo. Mpango wa namba wa Melvil Dewey, uliochapishwa mwaka 1876, humpa kila mgeni wa rafu anwani yake: Uislamu 297, historia ya Afrika 960 na kuendelea. Mwizi mwerevu hana haja ya kutoka na kitabu mlangoni. Akikihamisha kutoka 297 akakichomeka kwenye mapishi, 641, kitabu kimepotea huku kimo ndani ya jengo, na mkutubi ataapa kwamba kimeibwa. Edgar Allan Poe alikwishatumia hila ya namna hiyo mwaka 1844, barua ikifichwa mahali pa wazi. Mihuri ya tarehe za kuazima, karatasi iliyochanwa, maandishi ya pembeni mwa ukurasa, yote hayo ni nyayo.

Unguja ina zaidi ya mihuri. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zimehifadhi miswada ya Kiarabu, na ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mnakili wa zamani aghalabu alimalizia kwa jina lake na tarehe ya Hijria. Tuseme dalali wa vitu vya kale anamuuzia mgeni hati yenye mwaka 1300, akidai ina umri wa miaka mia saba. Mtoto anayesoma skuli asubuhi na kwenda chuo cha Kurani jioni anajua mwaka 1300 Hijria ulianza Novemba 1882. Dalali kashikwa, tena bila polisi. Na kwa kuwa waandishi wengi wa kale walitumia herufi moja kwa p na b, wasia unaomtaja baba unaweza kusomwa papa, na ukoo mzima ukagombana bure. Mpelelezi wa London asingefika popote hapo. Mtoto wa mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, ana funguo zote mbili, ya skuli na ya chuo.

Halafu kuna mkasa uliokwisha kuandikwa na historia yenyewe. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alianzisha kiwanda cha uchapaji Zanzibar, na mnamo 1880 kikaanza kuchapa Qamus al-Sharia, kazi kubwa ya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, ya madhehebu ya Ibadhi, yenye juzuu 90. Zilizotoka ni sehemu tu. Mwandishi wa riwaya hahitaji kubuni juzuu iliyopotea. Anachohitaji ni mtoto wa kuuliza ilikwenda wapi, na babu wa kukasirika kwa kuulizwa.

Ugumu upo, na ni wa kiufundi. Hati za kale haziazimwi. Husomwa chumbani, mbele ya mhifadhi, kwa ruhusa, na kalamu ya wino haipendwi karibu nazo. Mtoto haingii huko peke yake akafunua atakacho. Kwa hiyo wale wawili, Bwana Msa na Najum, hubadilishana nafasi: Najum wa riwaya ya watoto lazima awe mtu mzima, mwenye kibali mfukoni na macho yaliyochoka, na anayefikiri awe yule mdogo aliyekaa kando yake.