Lusina na Bakteria wa Tumboni

Mfugaji mwenzangu, kiangazi kikikaza na maganda ya ndizi yakiisha, jicho huenda kwenye lusina, ule mti wa malisho pale mpakani mwa shamba. Protini imo tele. Imo pia mimosini, kemikali inayonyonyoa manyoya, na ikishavunjwa tumboni huzaa sumu nyingine inayovimbisha tezi ya shingo.

Sasa sikiliza ajabu. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aliona mbuzi wa Hawaii wakila lusina bila kudhurika. Siri ilikuwa bakteria wa tumboni wanaoila sumu ile! Wakahamishiwa mifugo ya Australia, na mwaka 1992 wakapewa jina Synergistes jonesii, kwa heshima yake. Kuwakuza maabara ni kazi, maana oksijeni huwaua. Ndiyo maana wataalamu huchota majimaji ya tumbo la kwanza, hurudufu kipande cha vinasaba vya bakteria hao, na hivyo hujua kama wamo.

Nyumbani kwako, lusina isizidi asilimia 30 ya chakula cha ng'ombe. Kwa sungura na nguruwe, punguza zaidi. Manyoya yakidondoka, iondoe lusina kwanza, kisha mwite afisa mifugo.