Kesi ya Essex na Mahakama ya Simuni

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya sheria. Juu ya sheria mtu aweza kusema hadi chakula kipoe, kwa hiyo nitachukua kesi moja tu. Nimeichagua kwa sababu naambiwa baadhi yenu mnapenda kusikiliza usiku, katika simu, vile vipindi vya mauaji viitwavyo podikasti. (Simu zinaingiaje mabwenini, hilo namwachia Mkuu wa Shule.)

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Agosti 1985, katika shamba la White House Farm, Essex, nchini Uingereza, watu watano wa ukoo mmoja waliuawa kwa risasi: Nevill Bamber na mkewe June, binti yao wa kulea Sheila Caffell, na watoto pacha wa Sheila, wenye miaka 6. Kijana wao wa kulea, Jeremy, aliyekuwa na miaka 24 na akiishi kwake, aliwapigia polisi simu. Alisema baba yake amempigia kumwambia Sheila ameshika bunduki na amepandwa na wazimu. Kweli Sheila alikuwa na ugonjwa wa akili, na alikutwa na bunduki juu ya mwili wake. Polisi wakaamini, tena upesi mno. Haikupita muda mrefu matandiko na mazulia yenye damu yakachomwa moto.

Baadaye jamaa wa ukoo wakakuta kabatini kizuia sauti cha bunduki. Upande wa mashtaka ulisema mna damu ya Sheila ndani yake, na kwamba bunduki ikifungwa chombo kile huwa ndefu kiasi kwamba asingeweza kujipiga mwenyewe. Akaja na msichana aliyekuwa rafiki wa Jeremy, akasema alielezwa mipango ya mauaji. Oktoba 1986, katika mahakama ya Chelmsford, raia 12 waliosikiliza kesi waligawanyika 10 kwa 2. Kwa sheria yao, angepinga mmoja zaidi, hukumu isingepatikana siku ile. Jeremy akafungwa maisha. Rufani yake ilitupwa mwaka 2002, naye hajaacha kusema hakuua.

Mwaka 2024 mwandishi wa The New Yorker, Heidi Blake, aliandika kwamba polisi mmoja alimweleza juu ya simu ya dharura iliyotoka ndani ya nyumba ile baada ya saa 12 alfajiri. Saa hiyo Jeremy alikuwa nje, pamoja na polisi! Mwaka 2025 uchunguzi huo ukawa podikasti, Blood Relatives, chini ya kipindi kiitwacho In the Dark.

Msidharau kazi hiyo. Kipindi hicho hicho, mwaka 2018, kilichambua kesi ya Curtis Flowers wa Mississippi, aliyeshtakiwa mara 6 kwa mauaji yale yale. Mwaka 2019 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilifuta hukumu yake, na mwaka 2020 mashtaka yakaondolewa.

Lakini shahidi wa podikasti hali kiapo, wala hakuna wakili wa upande wa pili wa kumbana kwa maswali. Na kuna jambo linalonikosesha usingizi katika kesi hii. Kwa Flowers, muuaji angeweza kuwa mtu mwingine yeyote. Hapa tangu mwanzo wanaotajwa ni wawili tu. Ukimtoa Jeremy gerezani, umesema Sheila aliwaua wanawe wawili usingizini. Jeremy ana mawakili. Sheila yuko kaburini, na ugonjwa wake watu wanautumia kama ushahidi.

Mwaka 2025 tume ya Uingereza inayopitia kesi za jinai ilikataa baadhi ya hoja za Jeremy. Mkiendelea kusikiliza, shikeni hasa habari ya kizuia sauti: nani alikiokota, siku gani, na kilikaa mikononi mwa nani kabla ya kufika kwa polisi. Jamaa walikaa nacho siku kama mbili. Kwangu mimi shaka ya kesi nzima iko hapo, si katika ile simu.

Kama kuna maswali, Ndugu Mwenyekiti, nipo tayari.