Darii ya Sauli

Somo: 1 Samweli 17:32–40

 

Leo nataka tuitazame habari ambayo wengi wetu tuliijua tangu shule ya Jumapili, habari ya Daudi na Goliathi. Kwa kawaida tunapoisimulia twaharakisha kufika kwenye lile jiwe na kuanguka kwa yule jitu. Lakini kabla ya jiwe kuna jambo dogo lililotokea mbele ya mfalme, nalo ndilo somo letu la leo.

Sauli alipoona kwamba kijana huyu hakubali kurudi nyuma, alimvika mavazi yake mwenyewe. Akamtia chapeo ya shaba kichwani, akamvika darii kifuani, na Daudi akajifunga upanga wa mfalme. Kisha akajaribu kwenda, akaona hawezi, kwa maana hakuwa amevizoea vitu hivyo. Akavivua vyote. Akachukua fimbo yake, akachagua mawe laini matano katika kijito, akayatia katika mkoba wake wa uchungaji, na teo lake mkononi, akaondoka kumkabili Mfilisti.

Sasa, msikilizaji mpendwa, tusimlaumu Sauli upesi. Hakuwa na nia mbaya. Alimpa Daudi kilicho bora nyumbani mwake. Darii ile haikuwa na kasoro yoyote ila moja tu: ilikuwa ya Sauli. Ilipimwa kwa mwili wa Sauli, mtu aliyewapita Waisraeli wote kwa urefu. Wahenga wetu walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kijana angekwenda vitani akiwa amefunikwa tangu kichwa hadi magoti, na kila mtu angesema, “Huyu yu salama,” kumbe hawezi hata kunyanyua mguu.

Ni wangapi kati yetu tunaokwenda hivyo? Tumevaa maisha yaliyopimwa kwa mwili wa mtu mwingine. Tulichagua kazi kwa sababu jirani aliichagua na mshahara wake ukaja kila mwisho wa mwezi. Tunaimba kama kwaya fulani iimbavyo, tunajenga kama fulani alivyojenga, hata tunaomba kwa sauti ya mhubiri fulani. Tuko salama kabisa, lakini hatutembei.

Nitawaeleza habari ya mtu mmoja aliyeivua darii hiyo, na kazi yake iko katika kanisa letu la Anglikana, yeyote aweza kwenda kuitazama. Mtu huyo ni Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1932 huko Marangu, katika miteremko ya Kilimanjaro. Katika miaka ya 1950 alisoma Chuo Kikuu cha Makerere. Mnajua Makerere ilikuwa nini siku zile. Vijana walioingia pale walihesabika, na aliyetoka na cheti chake alingojewa na ofisi. Yeye alisomea kuchora. Waweza kukisia maswali aliyoweza kuulizwa na watu: “Umekwenda mbali hivyo kujifunza kupaka rangi?”

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 alipewa kazi ya kuchora katika ukuta wa kanisa la Mtakatifu Yakobo, Murang'a. Kanisa hilo lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Fikirini basi uzito wa kazi hiyo. Majeraha ya nchi yalikuwa bado mabichi. Mbele ya ukuta ule wangekuja kupiga magoti wajane na mayatima.

Njia iliyo salama ilikuwa wazi. Picha za Bwana Yesu zilikuwa tayari zimejaa nchini, katika kalenda, katika vitabu vya Jumapili, katika kuta za nyumba zetu: uso mweupe, nywele ndefu za rangi ya asali. Angenakili hizo, nani angemlaumu? Lakini Njau alichora picha tano kubwa: Kuzaliwa kwa Bwana, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulibiwa. Na katika picha hizo Bwana Yesu ni Mwafrika, na wanaomzunguka ni Waafrika, na nchi anamozaliwa na kufa ni nchi ya vilima kama ile iliyo nje ya mlango wa kanisa.

Mtu aliyeingia pale na huzuni yake aliweza kuona kwamba Mwana wa Mungu hakufa mbali naye. Neno lilifanyika mwili. Na mwili huo, mchoraji alisema kwa brashi, wawezaje kuwa mgeni kwetu? Hayo ndiyo mahubiri yaliyo katika ukuta ule, nayo yamedumu kuliko mahubiri mengi tuyatoayo mimbarani.

Njau huyo amejulikana kwa neno moja alilopenda kuwafundisha wasanii: kwamba wasiige, kwa maana kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Wengine watashtuka. Zaburi ya 121 yatuambia kwamba Mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali. Ni kweli. Lakini nadhani twaelewa alichokusudia. Mungu aliyekuumba hakuchoka akaanza kurudia kazi yake. Akikupa mkono wako, na wewe ukaukunja ili utumie wa jirani, umefanya kana kwamba Muumba amelala.

Na hapa nakumbuka mfano wa talanta, katika Mathayo 25. Mtumwa yule wa mwisho hakuwa mlevi, wala mwizi. Hakupoteza hata senti. Kati ya wale watatu yeye ndiye aliyekuwa mwangalifu kuliko wote! Wenzake walikwenda sokoni, na sokoni mtu huweza kupata hasara. Yeye alichimba shimo akafukia, akalala usingizi. Bwana wake aliporudi alimrudishia mali yake kamili, na alidhani atasifiwa. Ndugu zangu, ni jambo la kutisha kwamba Bwana Yesu, alipotaka kutuonyesha mtumishi asiyefaa, alituonyesha mtu aliyechagua usalama. Naye mwenyewe alisema sababu yake: aliogopa.

Najua mama mmoja jikoni ananijibu sasa hivi: “Pasta, hayo ni maneno mazuri, lakini watoto hawali picha.” Mama, umesema kweli, wala sitaki kukupita. Hebu nitoe mfano kutoka parishi yetu, bila kutaja jina.

Kijana mmoja alinijia, mwana wa mzee wa kanisa. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili amlipie karo ya chuo, asomee uhasibu. Kijana akaniambia, “Pasta, mimi nataka kuchonga miti. Nataka kuacha chuo wiki hii.” Nikamwambia, “Mwanangu, ng'ombe wa baba yako wasipotee bure. Umebakiza mwaka mmoja, umalize. Lakini kila jioni uchonge, na kila Jumamosi uniletee ulichochonga nikione.” Jumamosi ya kwanza aliniletea kigoda ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Tulikicheka pamoja. Aliniletea mwiko, akaleta kigoda kingine, akaleta mlango mdogo wa kabati. Kwa miezi mingi hakukosa Jumamosi hata moja, na hapo ndipo nilipojua kwamba jambo hili si upepo wa ujana.

Leo ana kibanda chake karibu na soko, na vijana wawili wanaojifunza kwake. Uhasibu ule anautumia kuandika daftari lake. Miezi mingine ana kazi nyingi, miezi mingine hana. Baba yake bado humwuliza kila Krismasi kama ameandika barua ya kuomba kazi. Siwezi kuwaambia kwamba mambo yote yamekuwa laini. Lakini mimbari ninayosimama kuhubiri aliichonga yeye, na nikiuweka mkono wangu juu yake najua kwamba talanta ile haiko ardhini.

Basi tujifunze mambo mawili. La kwanza, kipawa si uvivu uliovikwa jina zuri. Daudi hakuokota teo siku ile. Kabla ya Goliathi kulikuwa na simba na dubu, na siku nyingi za kuchunga pasipo mtu wa kumpigia makofi. Anayesema, “Mimi ni mwimbaji,” na hafanyi mazoezi, huyo hajavua darii ya Sauli. Amevua tu, akabaki mtupu. Na mtume Paulo, aliyekuwa na wito mkuu, alishona mahema huko Korintho. Kushona mahema hakukuwa aibu kwake, wala hakukuzima wito wake. Ikiwa kazi ya ofisini ndiyo hema linalolisha watoto wako, lishone kwa uaminifu. Lakini usiseme kwamba kwa sababu unashona hema basi Mungu hana neno lingine nawe.

La pili, tuulize kipawa ni cha nani. Katika Kutoka 31 twasoma habari za Bezaleli, wa kabila la Yuda. Bwana alimjaza Roho wake, si kwa kutoa unabii wala kuongoza vita, bali kwa kazi ya dhahabu na fedha na shaba, kukata vito na kuchora miti. Roho Mtakatifu katika patasi ya fundi! Lakini angalieni, Bezaleli hakujengewa jina. Alijenga hema la kukutania. Alipewa na mwenzake, Oholiabu, na wote wawili walitiwa moyoni kuwafundisha wengine. Mtu aweza kujitenga na wenzake kwa majivuno, avae na kuimba tofauti ili atazamwe tu. Huyo naye ni mtumwa wa macho ya watu, sawa na yule anayeiga. Yule anayeiga huwauliza watu, “Nifananeje nanyi?” Mwenye majivuno huwauliza, “Nitofautianeje nanyi?” Bezaleli aliuliza, “Bwana, nyumba yako yahitaji nini?”

Wala sitawaficha gharama. Mwaka 1965 Njau na rafiki zake walianzisha nyumba ya sanaa jijini Nairobi, wakaiita Paa ya Paa. Baadaye ilihamia upande wa barabara ya Kiambu. Mwaka 1997 moto uliiteketeza, na kazi nyingi za miaka mingi zikawa majivu. Mtu aliyefukia talanta yake hapati hasara ya namna hiyo. Lakini yeye na mkewe walianza tena, katika uwanja ule ule. Anayefanya kazi kwa ajili ya usalama, moto humaliza kila kitu chake. Anayefanya kazi kwa sababu ametumwa, moto humwachia ule utume.

Ninyi wazazi, nawasihi. Mnapomvika mtoto darii, mnafanya kwa upendo, najua. Mliona njaa, hamtaki naye aione. Lakini mtazameni anavyotembea. Akishindwa kunyanyua mguu, msimwite mkaidi. Mwulizeni, “Teo lako liko wapi?”

Nanyi wazee wa kanisa, kijana akileta wimbo alioutunga mwenyewe, msimwambie kwamba haufanani na zile tulizozoea. Usikilizeni kwanza.

Nawe uliyezeeka, unayesema wakati wako umepita: bwana wa wale watumwa alirudi baada ya siku nyingi. Bado hajarudi. Chukua jembe uende mahali ulipofukia.

Na tuombe.

Ee Mungu Muumba wetu, uliyetufanya kila mmoja kwa mkono wako, tuondolee hofu iliyotufanya tuchimbe shimo. Utupe ujasiri wa kuvua kisicho chetu, uvumilivu wa kujifunza kilicho chetu, na unyenyekevu wa kukurudishia vyote. Wakumbuke vijana wanaojaribu na kushindwa, na wazazi wanaokesha kwa ajili yao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.