Bomba Halizai Maji



Mwaka 1971 Taifa liliahidi kumfikishia kila mwanakijiji maji safi ifikapo 1991. Ahadi haikutimia. Tulihesabu mabomba na visima. Chemchemi tukazidhani za milele. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua, Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji.

Funzo hilo latuhusu sisi wa Kasulu, ambao maji yetu hushuka kutoka milimani. Mvua ikichelewa, chemchemi hudhoofika. Ikija kwa kishindo, huteremsha tope hadi bombani. Basi mamlaka ya maji ipime vyanzo kila kiangazi kabla ya kulaza bomba jipya. Nasi tuiheshimu Sheria ya Mazingira ya 2004: mita 60 kutoka ukingo wa mto si shamba la mtu. Bomba hupitisha tu maji tuliyoyatunza.