Maoni Baada ya Habari: Mbu Asiye wa Kwetu



Maoni yetu ya leo yahusu mbu aitwaye Anopheles stephensi. Asili yake ni Asia ya Kusini na Arabuni. Katika pembe hii ya Afrika aligunduliwa kwanza Djibouti mwaka 2012, nchi ambayo mwaka huo ilihesabu wagonjwa 27 tu wa malaria. Mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya 73,000. Hatusemi kwamba balaa hilo lote ni lake peke yake, lakini wataalamu wamtaja mbele ya sababu nyingine.

Alionekana Ethiopia mwaka 2016, Somalia mwaka 2019, na mwishoni mwa mwaka 2022 akanaswa Marsabit, kaskazini ya Kenya. Malori yatokayo huko hufika Karamoja. Tena vijana wetu wamekuwa wakienda Somalia na kurudi na mizigo yao tangu Machi 2007.

Wako watakaouliza: Uganda ina mbu wa malaria tangu enzi za mababu, huyu mmoja ataongeza nini? Swali hilo ni la haki. Mbu wetu hupenda madimbwi ya mvua, na kiangazi kikiingia hupungua. Huyu mgeni hutaga katika matangi, mapipa na matairi, mijini, mwaka mzima, na dawa kadhaa za kunyunyiza hazimwui. Kambi yenye matangi wazi na magari mabovu uani ni nyumba aliyokwisha kujengewa.

Gugu-maji lilipoonekana Ziwa Kyoga mwaka 1988, wengi waliliona ua zuri. Wadudu wa kulila walifunguliwa Ziwa Victoria mwaka 1995, na hata leo halijatutoka.

Basi matangi yafunikwe barabara, matairi yatobolewe yasituamishe maji, na mapipa yasuguliwe kila wiki, maana yai huweza kuwa mbu kwa muda wa siku kumi hivi. Na ukichungulia pipa ukaona viluwiluwi wamelala sambamba na uso wa maji, badala ya kuning'inia vichwa chini, hao ni wa jamii ya mbu wa malaria. Usiwamwage kwanza. Watie chupani, umpelekee mganga wa kambi siku hiyo hiyo, na umwambie umewatoa pipa gani.